Shanga na Masango: Jinsi Kioo cha Ng'ambo Kilivyogeuzwa Pambo la Nyumbani

Mwezi Januari 1871, Henry Morton Stanley, mwandishi wa gazeti la New York Herald, alishuka Unguja akiwa na kazi ya kumtafuta David Livingstone barani. Alikabiliwa na swali moja: huko anakokwenda, watu wanataka nini? Dola hazingemnunulia kibaba cha mtama Ugogo wala samaki Ujiji. Mfanyabiashara mmoja wa Kiarabu, Sheikh Hashid, alimfundisha hesabu za njia ya bara. Stanley akaandika kwamba huko nguo zilikuwa mahali pa fedha, shanga mahali pa senti za shaba, na waya wa shaba, hasa ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, ulithaminiwa kama dhahabu.

Nguo hazikumpa taabu sana. Zilizomsumbua ni shanga. Wagogo walipokea nyeusi, ambazo kwingine kote zilikataliwa. Sungomaji, zile kubwa kama yai la njiwa, zilitakiwa Ujiji na Uguha, na mahali pengine hakuna aliyezitazama. Nyeupe, zilizoitwa merikani, zilipita Ufipa na sehemu za Usagara na Ugogo, lakini Uzigua na Ukonongo hazikuwa na soko. Mgeni aliyebeba rangi isiyotakiwa alikuwa amebeba mchanga. Mwishowe Stanley alifunga magunia 22 ya shanga za aina 11, pamoja na frasila 10 za waya, yaani karibu kilo 160, ndipo akavuka kwenda Bagamoyo.

Taabu hiyo ya Stanley inatufungulia mlango wa historia ambayo mara nyingi husimuliwa kinyume. Tumezoea kusikia kwamba wageni walileta shanga duni na wenyeji wakazipokea kwa mshangao. Kumbukumbu za wafanyabiashara wenyewe zinaonyesha jambo jingine. Waliokuwa wakiamua ni watu wa bara, na wengi wao walikuwa wanawake waliokaa mbele ya nyumba zao wakitunga kioo kwenye uzi na kuona waya ukizungushwa mikononi na miguuni mwao. Kioo kilitoka mbali. Uchaguzi wa rangi, mpangilio wake, umbo la pambo na maana yake vilitoka hapa.

Kabla ya kioo

Kutunga chembe ndogo kwenye uzi ni kazi ya kale mno katika nchi hizi. Katika pango la Enkapune ya Muto, karibu na Naivasha kwenye Bonde la Ufa, wanaakiolojia walipata shanga za maganda ya mayai ya mbuni zenye umri wa karibu miaka 40,000. Tanzania nako shanga kama hizo zimepatikana katika mapango ya Mumba, karibu na Ziwa Eyasi, na Magubike mkoani Iringa. Fundi alivunja ganda vipande vidogo, akatoboa kila kipande katikati kwa ncha ya jiwe, kisha akavitunga pamoja na kuvisugua mpaka vyote vikawa na mviringo mmoja. Ni kazi ya siku nyingi kwa mkufu mmoja.

Zaidi ya maganda ya mbuni kulikuwa na mbegu, makombe ya baharini, mifupa, meno ya wanyama na udongo uliochomwa. Watu walikuwa na macho yaliyozoea kulinganisha rangi, vidole vilivyozoea tundu jembamba, na desturi zilizoeleza nani avae nini na wakati gani. Kwa hiyo kioo kilipofika hakikukuta shingo tupu. Kilikuta ufundi uliokwisha komaa, kikaingizwa humo.

Kioo chafika pwani

Kitabu cha baharia mmoja wa Kigiriki cha karne ya 1, kinachojulikana kama Periplus ya Bahari ya Eritrea, kinaitaja Rhapta, bandari ya mwisho katika pwani iliyoitwa Azania. Katika orodha ya bidhaa zilizopelekwa huko kutoka Muza, bandari ya Bahari ya Shamu upande wa Yemen, kuna mikuki, mashoka, majambia na aina kadhaa za kioo. Rhapta yenyewe ilipokuwa bado inabishaniwa, lakini habari ya kioo ni wazi: biashara hii ina takribani miaka 2,000.

Ushahidi mwingi zaidi umo ardhini. Unguja Ukuu, kusini mwa kisiwa cha Unguja, ulikuwa mji wa biashara kuanzia karne ya 7 hivi. Wachunguzi walipopima kemia ya shanga zilizofukuliwa hapo, waliona kwamba nyingi zilitokana na kioo cha India ya Kusini na Sri Lanka. Shanga za jamii hiyo zimeonekana pia Kilwa, Manda, na katika mji wa kale wa Shanga kwenye kisiwa cha Pate, ambao mwanaakiolojia Mark Horton na wenzake waliuchimba katika miaka ya 1980.

Wahindi walizitengeneza kwa njia ya kuvuta. Mchanga wenye silika huyeyushwa pamoja na magadi kwenye tanuru. Donge la kioo laini huzungushwa juu ya chuma kirefu chenye uwazi, nalo hutobolewa ili hewa ipite katikati. Mtu aliye nje ya tanuru hunasa ncha na kuivuta polepole, na kioo hutoka kama mrija mrefu mwembamba wenye tundu ambalo halizibi. Mrija hukatwa vipande vidogo, na vipande huchanganywa na majivu na kupashwa moto tena ili makali ya ncha yalainike. Katika kijiji cha Papanaidupet, Andhra Pradesh, njia hii ingali hai. Chembe moja ina upana wa milimita chache, lakini mvuto mmoja hutoa maelfu.

Huku Afrika watu hawakuridhika kuvaa tu walichopewa. Katika bonde la Limpopo, mahali paitwapo K2 karibu na Mapungubwe, mafundi wa karne ya 11 na ya 12 walikusanya shanga ndogo za kigeni, wakaziyeyusha katika vikalibu vya udongo na kupata shanga moja nene, aina ambayo haikuwa ikiuzwa na mfanyabiashara yeyote wa Bahari ya Hindi. Afrika Magharibi, mjini Ife, mafundi walikwenda mbali zaidi na kuyeyusha kioo chao wenyewe tangu malighafi. Huku kwetu njia iliyofuatwa ilikuwa ile ya kupokea kioo na kukiumba upya kwa uzi na waya.

Wareno walipoingia pwani baada ya Vasco da Gama kufika Malindi mwaka 1498, walidhani shanga zozote zingefaa kununulia dhahabu ya Sofala. Wenyeji walizikataa nyingi. Walitaka zile za Cambay, bandari ya Gujarat, walizozizoea kwa vizazi vingi. Ikawa lazima mawakala wa mfalme wa Ureno, wenye mizinga na merikebu kubwa, watafute shanga za Kihindi ili waweze kufanya biashara.

Katika miji ya Waswahili shanga ziliingia ndani kabisa ya maisha ya nyumbani. Utunda, yaani shanga za kiunoni, ukawa siri ya mwanamke na mumewe, na habari zake zikafundishwa na somo katika unyago. Mavazi ya nje yalionekana na kila mtu. Utunda ulikuwa na watazamaji wake. Mabinti walifundishwa kuutunga, kuuvaa na kuuheshimu.

Waya na wavuta waya

Kioo peke yake hakikai mwilini. Kinahitaji kamba, na pambo likiwa zito au pana linahitaji chuma. Mwanajiografia al-Masudi, aliyesafiri mpaka kisiwa cha Qanbalu mwaka 916, aliandika kwamba watu wa nchi ya Zanj, yaani pwani hii, walijipamba kwa chuma mahali ambapo wengine walitumia dhahabu na fedha. Wahunzi wa huku walikuwa na chuma chao, na upande wa Katanga na Zambia ya leo walikuwa na shaba yao.

Mwaka 1960, kwenye kilima cha Ingombe Ilede karibu na mto Zambezi, wajenzi wa matangi ya maji walikutana na makaburi ya watu matajiri wa kati ya karne ya 15 na ya 17. Marehemu walizikwa na shanga za kioo, shanga za dhahabu, nguo za pamba na bangili za waya wa shaba. Kando yao kulikuwa na mabamba ya chuma yenye matundu, vyombo vya kuvutia waya. Hapo tunaona vitu viwili vya simulizi hii, kioo na waya, vikiwa katika kaburi moja pamoja na zana za fundi.

Kuvuta waya ni kazi ya nguvu na ujuzi. Fundi hufua ufito wa shaba mpaka uwe mwembamba, hunoa ncha yake, huipitisha katika tundu la bamba la chuma lililopakwa mafuta, kisha huikamata kwa koleo na kuvuta kwa uzito wa mwili wote. Waya hurudishwa katika tundu dogo zaidi, na tena katika dogo zaidi. Kila ukivutwa huwa mgumu, mwishowe hukataa kupita. Hapo huwekwa motoni mpaka uwe mwekundu, ukatulia na kulainika, kazi ikaendelea. Mafundi hawa hawakusoma vitabu vya madini, lakini walijua kwa mikono yao kwamba shaba iliyopigwa au kukunjwa hukakamaa, na kwamba moto huirudishia ulaini.

Wasafiri wa Kiingereza Richard Burton na John Hanning Speke, waliopita Unyamwezi kati ya 1857 na 1859, walieleza jinsi waya wa shaba wa dukani ulivyogeuzwa na mafundi wa bara. Uliuzwa Unguja kwa jina la masango. Wapagazi waliubeba ukiwa mikunjo mikubwa iliyoning'inizwa kwenye ncha mbili za mzegazega. Ulipofika, fundi aliweza kuuzungusha mzito hivyo hivyo ukawa kitindi, bangili ndefu iliyofunika mkono kuanzia kifundo kuelekea kiwiko. Au aliuvuta ukawa mwembamba kama uzi, kisha akauzungusha kwa karibu karibu juu ya singa za mkia wa mnyama, twiga akipatikana. Kikatoka kikuku chembamba, chepesi, kinachopindika bila kuvunjika. Vikuku hivyo viliitwa sambo, na mtu mwenye uwezo alivivaa kwa mamia miguuni.

Sambo inastahili kutazamwa kwa makini na yeyote anayefunga waya kwenye kioo siku hizi. Siri yake ni kiini laini na ganda gumu: singa inabeba mpindo, waya unabeba mng'ao. Fundi asiyejua kubana mzunguko mmoja kando ya mwingine huacha mwanya, na kwenye mwanya ndipo waya unapokatika.

Upande wa Kenya, Wakamba walipata sifa kwa mikufu midogo ya shaba waliyoisuka kwa waya waliouvuta wenyewe. Msomi wa Kiswidi Gerhard Lindblom, aliyekaa Ukambani miaka ya 1911 na 1912, aliieleza kazi hiyo kwa undani. Wazee wa Kikamba pia walinakshi viti vyao vya miguu mitatu kwa kugongomea vipande vya waya kwenye mti, na viti hivyo leo vimo katika majumba ya makumbusho ya Ulaya. Jina la mchongaji mara nyingi halikuandikwa.

Kutoka ua mpaka ua

Karne ya 19 biashara ya pembe za ndovu iliipanua njia ya bara, na shanga zilizopita hapo kwa wingi zilikuwa za Venice. Matanuru ya Venice yalihamishiwa kisiwa cha Murano mwaka 1291. Huko pia kioo kilivutwa, lakini kwa miguu: mafundi wawili walishika ncha mbili za donge lenye hewa ndani, wakakimbia kila mmoja upande wake, na mrija ukalala chini nyuma yao kwa makumi ya mita. Baadaye wakashindana na Bohemia, hasa eneo la Gablonz, mji ambao sasa unaitwa Jablonec nad Nisou katika Jamhuri ya Cheki. Vijijini huko familia nzima zilifanya kazi ya shanga nyumbani, kwenye mwali wa taa.

Venice nayo ilitegemea mikono ya nyumbani. Shanga zilizotoka kiwandani zilitungwa na wanawake walioitwa impiraresse. Walikaa vibarazani na vichochoroni, bakuli la mbao mapajani, na vidoleni wameshika sindano ndefu zilizotandazwa kama upepeo. Walichovya sindano zote katika shanga kwa pamoja, zikajaa, wakazivusha kwenye uzi. Ujira wao ulikuwa mdogo mno.

Shanga iliyotamaniwa kuliko zote Afrika Mashariki katika miaka ya Burton ni samesame, nyekundu kwa nje na nyeupe ndani. Kulikuwa na sababu ya kiufundi: kioo chekundu kizuri kilikuwa ghali, na kukiviringisha kwa unyembamba juu ya kiini cheupe kuliokoa gharama na kuifanya rangi iwake. Burton alitaja aina zipatazo 400 za shanga katika biashara ya Unguja, zikiwemo gulabi, samawi, ububu na kadunduguru. Aliandika pia kwamba samesame ilipewa majina ya kumaliza chakula na kuvunja miji, kwa jinsi watu walivyoitoa mali yao kuipata.

Shanga zilihesabiwa kwa kete, uzi uliopimwa kwa mkono, na kete kumi zilikuwa fundo moja. Mpagazi alipewa posho yake ya siku kwa nafaka au kwa kete. Msafiri wa Kiingereza Verney Lovett Cameron alipofika Ujiji Februari 1874, alikuta soko lenye wabadilishaji fedha wake. Asubuhi walizunguka na mifuko iliyojaa sofi, shanga za mrija zinazofanana na vipande vya kiko, wakawabadilishia wanunuzi kwa shanga za aina nyingine. Soko lilipofungwa walizipokea tena kutoka kwa wauzaji, wakapata faida mara mbili.

Mwaka 1883 Joseph Thomson, kijana wa Kiskoti, alikwenda nchi ya Wamasai. Huko Taveta alipata habari ambayo wafanyabiashara wa Pangani na Mombasa waliijua zamani: Wamasai hawapokei shanga mpaka zimetungwa kwa urefu wanaoutaka wao. Mizigo yote ikafunguliwa. Wapagazi wa Unguja, waliozoea kubeba ratili 60 au 70 kichwani, wakakaa kitako siku baada ya siku kutunga makumi ya maelfu ya nyuzi. Shanga zilizopitia sindano za wanawake wa Venice zilitungwa upya Taveta na wanaume wa pwani, kisha zikafika mikononi mwa wanawake wa Kimasai, ambao nao walizifungua na kuzipanga wanavyojua wao.

Wanawake hao walivaa pia waya wa chuma, ule ambao kwa Kiswahili tunauita seng'enge, umezungushwa miguuni, mikononi na shingoni kwa uzito wa kilo nyingi. Ukosi mpana wa shanga uliwezekana kwa sababu ya waya. Uzi hulegea na kuangukia kifuani, lakini waya hushika umbo, na vipande vya ngozi vilivyotobolewa safu ya matundu hutenganisha mzunguko na mzunguko ili bamba zima lilale sawa. Mama alimtengenezea binti yake mapambo ya harusi, na aliyeyatazama aliweza kusoma humo ukoo, umri na hali ya mvaaji.

Historia hii haina haki ya kunyamazia upande wake wa giza. Nyuzi zile zile zilizonunua mtama na maziwa zilinunua pembe, na pembe na shanga zilitembea barabara moja na watu waliofungwa minyororo. Kitindi kilichompendeza mwanamke mmoja kingeweza kuwa bei ya mtoto wa mwingine. Mkataba ambao Sultani Barghash aliutia sahihi mwezi Juni 1873 ulifunga soko la watumwa la Unguja na kupiga marufuku usafirishaji wao kwa bahari, lakini barani mateso yaliendelea miaka mingi. Uzuri wa shanga za kale hauwezi kufuta hilo, nasi tunapozitazama katika kabati la makumbusho tunapaswa kuyakumbuka yote mawili.

Reli, amri na nyakati mpya

Ujenzi wa reli ya Uganda ulianza Mombasa mwaka 1896 na kufika Ziwa Viktoria Desemba 1901. Kando ya reli zilipita nyaya za simu, maili kwa maili za chuma na shaba zilizoning'inia hewani bila mlinzi. Wanandi, waliokuwa wakipinga uvamizi wa ardhi yao, walizikata nyaya hizo na kujitengenezea mapambo, na kung'oa misumari na skrubu za mataruma ili kutengenezea silaha. Serikali ya kikoloni iliuita wizi. Kiongozi wao, Koitalel arap Samoei, aliuawa Oktoba 1905 na kikosi cha afisa wa Kiingereza Richard Meinertzhagen katika mkutano ulioitwa wa amani.

Baadaye pesa za chuma na noti zilichukua kazi ya kete na masango. Shanga ziliacha kuwa fedha, zikabaki kuwa pambo, na kwa kuwa zilikuwa rahisi kupatikana madukani, kazi ya kutunga ilizidi kushamiri. Vipande vya ngozi vya kutenganisha safu vilianza kubadilishwa na plastiki iliyokatwa kutoka kwenye madumu, nyepesi na isiyooza. Kila rika la wavaaji lilitaka mpangilio wake wa rangi, nao watungaji wakaubuni.

Uhuru ulileta mtihani mwingine. Mwishoni mwa miaka ya 1960 serikali ya Tanzania iliendesha kampeni ya kuwataka Wamasai waache mavazi yao ya asili, yakionekana kuwa alama ya kubaki nyuma. Kampeni ilipita, mavazi yakabaki. Miongo michache baadaye shanga hizo hizo zilianza kuonekana kwenye mabango ya utalii, viwanja vya ndege na kadi za posta. Kazi iliyoonewa aibu ikawa sura ya taifa, lakini mifukoni mwa waliozitunga mabadiliko hayo hayakuwa makubwa kiasi hicho.

Malighafi bado husafiri. Shanga nyingi bora zinazotumiwa na Wamasai leo hutoka Jamhuri ya Cheki, ambako kampuni ya Preciosa inaendeleza kazi ya Bohemia, na zilizo rahisi zaidi hutoka China na India. Hata hivyo kuna waliorudi kwenye njia ya mafundi wa K2. Kitengela, kusini mwa Nairobi, mafundi huyeyusha vioo vilivyotupwa na kupata shanga na vyombo. Arusha, karakana ya Shanga, inayoajiri watu wenye ulemavu, hufanya hivyo kwa chupa zilizokwisha kutumika. Kijani na kahawia ya chupa hutokana na madini, kama vile chuma, yaliyomo katika mchanganyiko wa kioo. Buluu iliyoiva hutokana na kobalti, kama ilivyokuwa Murano.

Uani leo

Kazi hii inawezekana kufanyika chumbani au uani, bila tanuru na bila mtaji mkubwa. Koleo jembamba lenye ncha ya mviringo, koleo bapa, kikatio cha waya, shanga au kipande cha kioo, na waya wa shaba nyekundu vinatosha kuanza. Wengi hutumia waya wa umeme uliochakaa. Ganda lake la plastiki lichunwe kwa kisu, lisichomwe moto, kwa maana moshi wake ni sumu kwa mfanyakazi na kwa watoto waliopo jirani. Kwa fremu chagua waya wa karibu milimita moja, na kwa kuzungushia uwe nusu yake au pungufu.

Kipande cha kioo kilichookotwa ufukweni, ambacho bahari imekisugua makali, hufungwa bila kutobolewa. Kata waya mzito mara mbili au tatu ya mzingo wa kioo, uukunje kukifuata kioo, kisha uzibane nyaya pamoja kwa waya mwembamba unaozungushwa kwa karibu karibu, kama sambo. Juu, kunja kitanzi kwa koleo la mviringo, na mkia wake uuzungushe mara mbili au tatu chini ya kitanzi kabla ya kukata. Waya ukikunjwa na kukunjuliwa pale pale hukakamaa na kukatika, kwa hiyo mkono uamue kwanza ndipo koleo lifuate. Anayetaka kulainisha makali ya kioo cha chupa akisugue ndani ya maji, maana vumbi la kioo huumiza mapafu.

Hatua za msingi za kazi ya waya, kubana na kulainisha kwa moto, zilijulikana Unyamwezi na Ukambani kabla ya karne yetu. Anayezifanya leo hajaiga ufundi wa kigeni. Ameshika kazi ya wakubwa zake mahali walipoiachia.

Ndiyo sababu kuna mambo mawili ya kuombwa kwa kila msomaji. La kwanza ni kuhusu mabaki ya kale. Mvua zikinyesha Kilwa Kisiwani na katika magofu mengine ya pwani, shanga za kale hujitokeza mchangani, na wako wanaoziokota ili kuziuza kwa watalii. Tanzania ina Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, na Kenya ina sheria yake ya mwaka 2006, zinazolinda mali hizo. Shanga iliyoondolewa mahali pake haiwezi tena kusema ilikuja lini wala na nani. Iache hapo ilipo, umwarifu mhifadhi.

La pili ni kuhusu walio hai. Majumba ya makumbusho yana maelfu ya kosi, vitindi na mikufu ya Afrika Mashariki, na karibu yote yameandikwa kabila na mwaka bila jina la fundi. Kosa hilo hatuwezi kulirekebisha kwa waliokwisha kufa, lakini tunaweza kuacha kulirudia. Ukinunua hereni ya kioo na waya kwa mama aliyeitengeneza kwa mikono yake, muulize jina lake, liandike, umtaje unapoonyesha pambo lako. Na akikuambia bei, kumbuka saa alizotumia kutengeneza hereni hiyo kabla hujaanza kuipunguza bei.